Waliobaki chini: mafundi, manesi na makarani wa mashirika ya ndege ya Kanada (uzi mrefu, shika chai)

Karakana (mleta uzi)

Wakuu salaam, na wakubwa wote shikamooni.

Humu nimekuwa msomaji wa pembeni kwa miaka mingi, leo nimejikaza nifungue uzi. Mimi ni fundi wa ndege. Spana nilianza kuishika Dar es Salaam, sasa naishi Winnipeg, katikati kabisa ya Kanada, mji ambao Januari ukitoka nje na nywele mbichi zinakauka kama waya.

Mwezi uliopita tulimzika mzee mmoja aliyenipokea karakana nilipofika huku. Yeye aliingia kwenye ufundi akiwa kijana mbichi, enzi za ndege za Viscount. Kanisani mjukuu akasimama kusoma wasifu: kuzaliwa, shule, ndoa, kuvua samaki kwenye barafu. Kazi? "Babu alifanya kazi uwanja wa ndege." Basi. Miaka zaidi ya thelathini ikamezwa na sentensi moja. Nilirudi nyumbani nimenuna, mama watoto akadhani nimegombana na mtu.

Historia ya anga ya Kanada ukiifungua popote utakutana na marubani. Wana sanamu, wana mitaa, wana maziwa yaliyopewa majina yao. Nawaheshimu. Lakini ndege haiwashwi kwa ujasiri, inawashwa na mtu aliyeamka saa tisa usiku. Huyo ndiye ninayemleta hapa.

Tuanze 1921. Kampuni ya mafuta ya Imperial Oil ilikuwa imegundua mafuta mbali kaskazini, kwenye bonde la mto Mackenzie, ikanunua ndege mbili za Junkers za bati ili iwahi kufika kabla ya wengine. Ndege zikapewa majina, Rene na Vic. Machi zikaondoka kuelekea kaskazini, na zilipofika kituo kinachoitwa Fort Simpson mambo yakaharibika. Theluji mbaya, ndege ya kwanza ikavunja pangaboi. Wakajaribu tena kwa vipuri vya ndege ya pili, na pangaboi la pili nalo likavunjika. Hapo mko mamia ya kilomita kutoka duka la karibu, barafu ya mto inakaribia kuyeyuka, na ndege imevaa mbao za kuteleza badala ya magurudumu.

Fundi wa msafara, William Hill, akakaa na seremala wa kituo cha biashara cha Hudson's Bay, Walter Johnson. Wakachukua mbao za mwaloni zilizokusudiwa kutengenezea mikokoteni ya kuburutwa na mbwa kwenye theluji. Wakazipanga tabaka juu ya tabaka, wakazishikiza kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi ya wanyama, wakachonga kwa mkono wakifuatisha umbo la pangaboi lililovunjika. Aprili ndege ikaruka. Ikaruka jamani! Pangaboi la mbao za mkokoteni na gundi ya ngozi. Mimi leo nikibadilisha skrubu moja isiyo na karatasi yake ya uthibitisho naitwa ofisini.

Sasa kuhusu hiyo saa tisa usiku. Miaka ya 1920 na 1930 ndege za huku porini wakati wa baridi zililala nje, juu ya ziwa lililoganda. Nyuzi joto 40 chini ya sifuri siyo jambo la kushangaza. Oili ya injini ikiachwa humo usiku inakuwa kama lami. Kwa hiyo wakitua tu, kabla rubani hajamaliza kunyoosha mgongo, fundi anamwaga oili yote kwenye madebe na kuingia nayo ndani ya kibanda. Mbao za kutelezea zinapandishwa juu ya magogo zisigandane na barafu. Alfajiri, kabla ya mtu yeyote, fundi anafunika injini kwa turubai mpaka chini kama hema, anaingia humo na stovu za moto mkali, zile za mafundi bomba, na kukaa saa nzima au zaidi akiipasha injini huku oili inachemka kwenye jiko pembeni. Turubai lenyewe linashika moto kirahisi. Injini imelowa mafuta. Yeye amekaa katikati. Akisinzia ndege inaungua na yeye ndani. Injini ikipata joto, oili ya moto inamiminwa haraka, injini inawashwa, na rubani anatoka na kikombe chake cha chai.

Ndiyo maana kwenye ndege zile mara nyingi walipanda watu wawili, rubani na fundi. Mishahara haikulingana.

Naendelea baada ya shifti.

Nyamizi

Nimeweka mkeka hapa. Poleni na msiba, mkuu.

Kobe Mzee

Uzi mzuri lakini mleta uzi punguza hasira. Fundi akikosea anaandikiwa barua, rubani akikosea anaandikiwa tanzia. Wewe umesahau rubani Wop May? Tarehe 2 Januari 1929 aliondoka Edmonton na mwenzake Vic Horner kwenye kidege cha Avro Avian kisicho hata na paa, wanapeleka dawa ya dondakoo Fort Vermilion, baridi ya kuua, uso nje. Walifika kesho yake na watu wakapona. Huyo huyo ndiye aliyekuwa akifukuzwa na rubani wa kivita wa Ujerumani, Baron Mwekundu, siku yule Baron alipouawa, Aprili 1918. Mtu wa namna hiyo unamnyima sanamu kwa sababu gani?

Karakana

Mzee Kobe, sijamnyima mtu sanamu. Nimesema moja iongezwe pembeni.

Na kwa kuwa umemtaja, malizia kisa. Ile dawa isingevumilia kuganda. Wakaizungushia blanketi na kikanza cha mkaa. Wakiwa safarini mkaa ukaanza kuunguza blanketi. Yaani wako angani, ndege ya mbao na kitambaa, wanaganda mikono, halafu mzigo unawaka moto. Walitua wakauzima. Hilo la mkaa huwa linarukwa, na kwangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Kwenye hiyo biashara ya porini alikuwepo tajiri mmoja wa nafaka wa hapa Winnipeg, James Richardson. Mwaka 1926 alianzisha Western Canada Airways akiwa na ndege moja tu ya Fokker, watu walikuwa wanakimbilia dhahabu ya Red Lake. Majira ya baridi yaliyofuata, mapema 1927, serikali ilimpa kazi ya kupeleka wachimbaji na vifaa Churchill, kwenye ghuba ya Hudson, kupima kama panafaa kwa bandari. Watu 14 na tani karibu 8 za mizigo, pamoja na baruti, zikapelekwa kwa ndege ndogo ndogo, safari baada ya safari, kabla barafu haijayeyuka. Bandari ikajengwa Churchill. Baadaye kampuni ikakua ikaitwa Canadian Airways, ikaishi kwa mikataba ya kubeba barua, na 1932 serikali ya waziri mkuu Bennett ikaifuta mikataba hiyo kubana matumizi. Richardson alitegemea kwamba siku serikali itakapoanzisha shirika la taifa yeye ndiye atakayeitwa. Hakuitwa. Alifariki 1939.

Shirika la taifa lilizaliwa Aprili 1937, jina lake Trans-Canada Air Lines. Safari ya kwanza ya abiria ilikuwa tarehe 1 Septemba mwaka huo, Vancouver kwenda Seattle, dakika 50 hivi, ndege ya Lockheed Electra yenye viti 10. Abiria walikuwa wawili. Wawili! Na mifuko ya barua. Hilo ndilo lililokuja kuitwa Air Canada tangu 1965.

Nyamizi

Mkuu, mimi ni nesi, niko Mwanza. Nilishawahi kusikia kwamba wahudumu wa ndege wa kwanza walikuwa manesi. Kweli au hadithi za vijiweni?

Karakana

Dada Nyamizi, ni kweli tupu, na hapa itabidi nikae kidogo maana ndipo uzi ulipo.

Trans-Canada walianza kuajiri wahudumu 1938. Wa kwanza aliitwa Lucile Garner, nesi aliyesajiliwa, pamoja na mwenzake Pat Eccleston. Garner ndiye aliyekabidhiwa pia kazi ya kuwafundisha waliofuata. Alifariki 2013 akiwa na miaka 102, kwa hiyo aliwaona wote, kuanzia Electra ya viti 10 mpaka madege ya leo.

Masharti ya kazi yalikuwa haya: uwe nesi, uwe hujaolewa, uwe msichana wa miaka ya ishirini mwanzoni, uwe mwembamba, uwe mfupi kiasi. Ufupi siyo kwa urembo, dari ya ndege ilikuwa chini, mrefu angefanya kazi ameinama kutoka pwani hadi pwani. Wembamba nao, kila kilo ilihesabiwa pamoja na mizigo.

Kwa nini nesi? Sababu ya kwanza ilikuwa matangazo. Watu waliogopa kupanda, ukiwaambia kuna nesi ndani wanatulia. Lakini sababu ya pili ilikuwa ya kikazi kweli kweli. Ndege zile, Lockheed 14, hazikuwa na mfumo wa kuhifadhi hewa ya kupumua ndani kama za leo. Abiria walipoanza kuvushwa nchi nzima Aprili 1939, Vancouver mpaka Montreal, ilibidi ndege ipande juu ya milima ya Rocky ambako hewa ni nyembamba. Muhudumu alipita kiti hadi kiti kumvalisha kila mtu kifaa cha oksijeni na kumwangalia kucha na midomo, zikianza kuwa za bluu kuna tatizo. Huyo anatapika, yule anazimia, mwingine anataka kahawa. Ni wodi iliyopewa mabawa.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto manesi wakahitajika jeshini na sharti la unesi likaondolewa. Sharti la kutoolewa likabaki! Hapo ndipo utajua lilikuwa la nini. Ukiolewa umejifukuzisha kazi, na sheria hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1960. Baada ya vita shirika likaanza kuajiri wanaume kwa safari za kuvuka Atlantiki, kwa cheo kingine na mshahara mkubwa zaidi, na wao kuoa haikuwa kosa. Trei ile ile, kahawa ile ile.

Wahudumu walianzisha chama chao 1948, na ukisoma madai yao ya miaka hiyo hayatofautiani na ya wanaokaa kwenye kikao cha chama leo: mapumziko kati ya safari, malipo ya muda wa kusubiri, uzito.

Yule mzee wangu mke wake alikuwa muhudumu. Walichumbiana miaka miwili na pete ikakaa kwenye mfuko wa koti la karakana, imefungwa kwenye kitambaa cha kupangusia oili, kwa sababu wakitangaza tu mshahara mmoja unakufa. Alikuwa akinisimulia hayo anacheka, lakini mama alikuwa hacheki.

Nyamizi

Kwa hiyo unesi uliondolewa kwa siku moja, ndoa ikachukua miaka ishirini na zaidi. Nimeelewa vizuri sana.

Bahari Shwari

Mleta uzi, wanawake marubani je? Au waliishia kwenye trei?

Karakana

Mkuu, wa kwanza kuajiriwa na shirika la ndege Kanada kama rubani ni Rosella Bjornson, mwaka 1973, kampuni ya Transair, hapa hapa Winnipeg, akakaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye ndege ya F-28. Alipopata ujauzito mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 hakukuwa na kanuni yoyote ya kumhusu, wakubwa wakamwambia asiruke. Aliendelea baadaye, na 1990 akawa kapteni. Hesabu mwenyewe kuanzia 1937.

Kobe Mzee

Haya, nimekubali kuhusu oksijeni. Sasa tuletee makarani, kichwa cha uzi kimetaja makarani.

Karakana

Makarani wana visa viwili, kimoja kizito kimoja cha kuchekesha kidogo. Naanza na kizito.

Tarehe 9 Septemba 1949, uwanja wa jiji la Quebec. Ndege ya Canadian Pacific, DC-3, inakwenda Baie-Comeau. Mwanamke aliyevaa nguo nyeusi anafika kwa teksi na kifurushi, anasema ni mzigo wa kupelekwa na ndege hiyo. Karani wa mizigo anapima, anaandika, anapokea malipo, mzigo unapakiwa. Ndani yake kulikuwa na baruti na saa. Mtu aliyeitwa Albert Guay, muuza vito, alitaka kumuua mkewe aliyekuwa abiria, achukue bima na kuwa huru na binti aliyempenda. Watu 23 walikufa.

Hesabu zake zilikuwa ndege ilipukie juu ya mto St. Lawrence, maji yameze ushahidi. Lakini siku ile ndege ilichelewa kuondoka dakika 5. Ikalipuka juu ya nchi kavu, mahali panapoitwa Sault-au-Cochon, mabaki yakapatikana yote. Kisha wapelelezi wakarudi kwenye daftari la mizigo, na watu wa uwanjani wakamkumbuka mama wa nguo nyeusi. Guay alinyongwa Januari 1951, fundi saa aliyemsaidia akafuata 1952, na yule mama, Marguerite Pitre, alinyongwa Januari 1953, mwanamke wa mwisho kunyongwa Kanada.

Mimi huwa nafikiria dakika zile 5. Kuchelewa kwa ndege hakujawahi kusifiwa na abiria, lakini kesi nzima ilisimama juu ya ucheleweshaji mdogo na mwandiko wa karani.

Cha pili. Zamani kukata tiketi kulikuwa kazi ya kadi, simu na penseli. Mtu wa Toronto anauza kiti, mtu wa Vancouver anauza kiti hicho hicho, abiria wawili wanakutana mlangoni. Trans-Canada wakishirikiana na kampuni ya Ferranti ya Toronto wakajenga mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi nafasi, ReserVec, ukafanya kazi kikamilifu mapema 1963. Karani anachora alama za penseli kwenye kadi, anaiingiza kwenye mashine ya mezani, jibu linarudi papo hapo. Kompyuta zenyewe zilikuwa mbili na zilipewa majina ya mapacha, Castor na Pollux. Mwaka 1963, wakuu! Na mwaka juzi mimi nimesimama kwenye kaunta moja, kampuni siitaji, dada anabonyeza kibodi kama anapiga kinanda, dakika arobaini, halafu ananiambia "mtandao unasumbua".

Bahari Shwari

Hahaha, Castor na Pollux wangelia.

Mkuu na ile ndege iliyoishiwa mafuta angani? Nasikia mafundi ndio waliosababisha. Hapo utatetea vipi watu wako?

Karakana

Nilijua itafika tu. Ile ni 23 Julai 1983, siyo enzi za mwanzo, lakini sawa.

Boeing 767 mpya ya Air Canada, watu 69 ndani, kutoka Montreal kupitia Ottawa kwenda Edmonton. Kifaa cha kuonyesha mafuta kilikuwa kibovu, kwa hiyo mafuta yakapimwa kwa fimbo na kuhesabiwa kwa mkono. Kanada ilikuwa katikati ya kuhama kutoka vipimo vya zamani vya Kiingereza kwenda lita na kilo, na 767 ilikuwa ya kwanza kwenye shirika lile kuhesabu mafuta kwa kilo. Waliohesabu walizidisha lita kwa 1.77, ambayo ni ratili kwa lita, badala ya 0.8 ambayo ni kilo. Ndege ikaondoka na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji. Taa za onyo zikawaka juu kabisa, futi zaidi ya 40,000, kisha injini zikazima moja baada ya nyingine. Kapteni Bob Pearson alikuwa mpenzi wa kurusha ndege zisizo na injini, akaishusha kama tiara mpaka Gimli, uwanja wa zamani wa jeshi uliokuwa umegeuzwa sehemu ya mashindano ya magari, na siku hiyo watu walikuwa wapo. Hakufa mtu.

Mafundi walikosea? Walikosea, na marubani waliopitia hesabu nao walikosea. Lakini ilikuwa ndege iliyoundwa kuendeshwa na marubani wawili bila mhandisi wa ndani, na mwenye jukumu la mwisho la kuhesabu mafuta hakuwa amewekwa wazi. Mtu wa tatu ameondolewa, kazi yake haikupewa mtu.

Nyongeza inayosimuliwa kila karakana ya huku: mafundi waliotumwa kutoka Winnipeg kwenda kuitengeneza ile ndege, gari lao liliishiwa mafuta njiani.

Kobe Mzee

Nimecheka mpaka wajukuu wamekuja kuniangalia.

Kadogo wa Lubumbashi

Jambo wote. Mimi niko Montreal, nimefanya kazi ya kupakia mizigo Dorval, uwanja wa ndege wa huku, kwa miaka. Karakana, wewe uko upande wa Waingereza, kuna jambo hujaleta. Ya lugha!

Hapa Quebec watu ni wa Kifaransa, lakini kwenye redio ya kuongoza ndege ilikuwa Kiingereza. Rubani Mfaransa, muongozaji Mfaransa, wanazungumza Kiingereza kibovu wakati wote wawili wamenyonya Kifaransa kwa mama. Wakaunda kikundi, Les Gens de l'air, "watu wa anga". Walipoanza kuruhusiwa Kifaransa kidogo kidogo, wenzao wa Kiingereza wakasema ni hatari kwa usalama. Juni 1976 marubani na waongoza ndege wa upande huo wa Kiingereza wakagoma siku tisa, nchi nzima ikakwama, mwezi mmoja kabla ya Olimpiki ya Montreal. Serikali ikakubaliana na wagomaji, na waziri mmoja wa Kifaransa, Jean Marchand, akajiuzulu kwa hasira. Tume ikaundwa, ikafanya majaribio, na 1979 ikasema lugha mbili hazina hatari. Novemba ya 1976 hiyo hiyo chama cha wanaotaka Quebec ijitenge kikashinda uchaguzi hapa, na wazee wa Dorval wanasema ule mgomo ulisaidia.

Kwetu Lubumbashi, kazini ni Kifaransa na karakana ni Kiswahili. Nut inaitwa kwa jina moja ofisini na jina lingine chini ya gari. Ndege haijawahi kuanguka kwa hilo.

Karakana

Kadogo, umenishika pabaya na nakubali. Huku Winnipeg ule mgomo husimuliwa kwa upande mmoja tu. Yule mzee wangu aliwahi kugoma kuuzungumzia kabisa, alisema "ulivunja urafiki". Na alikuwa na kinyongo kingine na Montreal: makao makuu ya Trans-Canada yalikuwa Winnipeg, yakahamishiwa kwenu 1949, na miaka ya 1960 karakana kubwa ya matengenezo nayo ikafuata. Wenzake walipewa kuchagua, hamia Montreal au tafuta kazi nyingine. Yeye alibaki, mama yake alikuwa mgonjwa.

Bahari Shwari

Sasa mkuu tuunganishe na nyumbani. Zile Bombardier zetu za pangaboi si zinatoka huko?

Karakana

Ndiyo, na hapa ndipo nawapa Watanzania kitu cha kujivunia kidogo.

Hizo Bombardier, yaani Q400 za Air Tanzania, zile mbili za kwanza zilizotua Dar Septemba 2016, zimeundwa Downsview, Toronto. Moja iliyofuata ndiyo ile iliyozuiwa huku Kanada 2017 kwa ajili ya kesi ya madai, ikafika nyumbani 2018. Kiwanda kile kilikuwa cha de Havilland Canada, na ndipo mwaka 1947 iliruka kwa mara ya kwanza Beaver, ndege ndogo ya porini. Kabla ya kuichora, waliwaandikia marubani wa porini kuwauliza wanataka ndege ya namna gani. Majibu yalikuwa ya watu waliochoka: mlango mpana wa kuviringisha pipa zima la mafuta, na mdomo wa kujazia oili uwe ndani kwa rubani, mtu asitoke nje kwenye baridi kupanda juu ya injini. Wakawekewa vyote. Mnaona? Ile stovu chini ya turubai ndiyo iliyoichora Beaver. Ziliundwa zaidi ya 1,600, na Kenya ilikuwa nazo jeshini mwanzoni mwa uhuru. Jeshi letu la Tanzania nalo, miaka ya 1960, lilipata ndege za Otter na Caribou za kiwanda hicho hicho, na Wakanada wakaja kufundisha marubani na mafundi. Mwalimu wangu wa kwanza wa spana Dar alifundishwa na mmoja wao. Alikuwa akitukemea kwa lafudhi ambayo sikuielewa mpaka nilipofika huku.

Utengenezaji pale Downsview ulisimama 2021.

Mtoto wa Kampala

Naomba niingie. Wazazi wangu walikuwa Wahindi wa Kampala, Kiswahili nilijifunza kwa yaya na dukani. 1972 Amin alipotoa siku 90, Kanada ilileta ndege za kukodi Entebbe, ya kwanza ikaondoka mwisho wa Septemba, na kwa wiki chache ikachukua watu zaidi ya 4,000 mpaka Montreal. Nilikuwa na miaka sita.

Nakumbuka vitu viwili tu. Mama ameshika pochi tupu kwa mikono miwili safari nzima. Na muhudumu mmoja, mama mtu mzima kidogo, aliyetuvalisha sweta sisi watoto kabla mlango haujafunguliwa, mmoja mmoja, akifunga vifungo mpaka shingoni. Hakusema neno. Sijui alizitoa wapi sweta zile.

Nyamizi

Umenitoa machozi kaka.

Kobe Mzee

Karakana, malizia. Makampuni mengine yako wapi? Hiyo Canadian Pacific?

Karakana

Nitapita haraka maana hapo ni habari za wenye suti. Canadian Pacific Air Lines ilitokana na kampuni kumi za porini zilizonunuliwa na shirika la reli mwaka 1942, pamoja na ile ya Richardson. Chini ya Grant McConachie, naye rubani wa porini, ilivuka Pasifiki kwenda Sydney 1949 na kupitia njia ya ncha ya kaskazini ikafika Amsterdam 1955. Mwaka 1987 ikaunganishwa na nyingine ikawa Canadian Airlines, ikayumba miaka ya 1990, wafanyakazi wakakubali kukatwa mishahara kuiokoa, na 2000 ikamezwa na Air Canada.

Hapo ndipo vita vikaanza upya, maana kwenye ndege kila kitu kinakwenda kwa kutangulia kazini: nani achague zamu, nani apate likizo ya Krismasi, nani apunguzwe. Orodha mbili zikachanganywa kuwa moja. Mtu wa miaka ishirini upande mmoja anajikuta nyuma ya mtoto wa upande wa pili. Marubani walibishana mahakamani na kwa wasuluhishi kwa miaka. Mpaka leo kwenye chumba cha chai ukiangalia vizuri utajua nani alitoka wapi, kwa meza anayokaa.

Kobe Mzee

Na yule mzee wako, alikuachia nini? Maana fundi hafi bila kuacha spana.

Karakana

Mzee Kobe, wewe ni fundi nini?

Ndiyo. Juzi mjukuu alinipigia simu nikachukue boksi, wanataka kuuza nyumba. Boksi la bati, kijani, jina lake limekwaruzwa kwa msumari kwenye mfuniko. Ndani kuna seti ya spana za vipimo vya Kiingereza cha zamani, za Viscount, ndege ya Waingereza. Kila moja imefungwa kwenye kitambaa chake.

Nilikwenda nazo kazini, nikajaribu. Hakuna nati hata moja kwenye ndege tunazohudumia leo zinayoishika. Nimezipangusa, nimezipaka oili, nimezifunga tena zilivyokuwa. Boksi liko kwenye kabati langu. Nina shifti saa nane usiku na nje ni hasi 31, tutaonana kesho.

Bahari Shwari

Vaa soksi mbili mkuu.